Uraibu unaozaa elimu: Michael Ventris na mwandiko wa Linea B

0. Utangulizi

Neno uraibu limefanya safari ndefu katika Kiswahili. Hapo kale, hasa katika miji ya pwani, lilitaja viungo vilivyotafunwa pamoja na jani la tambuu: popoo, chokaa na tumbaku. Baadaye maana yake ilipanuka. Siku hizi hutumiwa kwa mambo mawili yanayopakana: shughuli ambayo mtu huipenda na kuifanya saa za mapumziko, na vilevile zoea linalomtawala mtu hata asiweze kuliacha. Lugha imeyaweka mambo hayo chini ya paa moja, na haikukosea, kwani ni vigumu kuonyesha mahali ambapo starehe inaishia na utumwa unaanzia.

Katika kila chuo kikuu hupatikana mtu wa namna hiyo: mwanafunzi anayenakili maneno yaliyoandikwa kwenye malori, karani anayejua historia ya kila stempu, fundi anayekesha na redio za zamani. Wenzake humcheka na kusema anapoteza wakati. Pengine wana haki, pengine hawana. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini uraibu mmoja huzaa elimu na mwingine huishia katika ndoto za mwenyewe. Mfano utakaochunguzwa ni ule wa Michael Ventris, msanifu majengo wa Uingereza ambaye mwaka 1952 alifumbua mwandiko uliokuwa umewashinda wataalamu kwa muda wa nusu karne. Mfano huo unafaa kwa sababu mbili. Kwanza, hatua zake nyingi zimehifadhiwa katika maandishi yake mwenyewe. Pili, njia aliyoifuata yaelezeka kwa urahisi kwa Kiswahili, kama itakavyoonekana katika sehemu ya tatu.

1. Mvulana na vibao vya udongo

Mwaka 1900 mwanaakiolojia Arthur Evans alianza kuchimba mahali paitwapo Knossos, katika kisiwa cha Krete. Huko alifukua jumba kubwa la kifalme, na ndani yake vibao vingi vya udongo vilivyochorwa alama zisizojulikana. Evans alitambua miandiko miwili inayofanana, akaiita Linea A na Linea B. Vibao vya Linea B ndivyo vilivyokuwa vingi zaidi. Evans aliishi miaka mingine 41 bila kuweza kuvisoma, na sehemu kubwa ya vibao hivyo haikuwa imechapishwa alipofariki mwaka 1941.

Mwaka 1936, mzee huyo akiwa na umri wa miaka 85, alitoa mazungumzo mjini London wakati wa maonyesho ya vitu vya kale. Miongoni mwa wanafunzi waliokuwapo alikuwa mvulana wa miaka 14, Michael Ventris. Kijana huyo hakuwa mgeni kabisa wa mambo hayo. Alipokuwa na umri wa miaka saba hivi alikuwa amekwisha kununua na kusoma kitabu cha Kijerumani juu ya maandishi ya Misri ya kale. Na kwa kuwa alisomeshwa kwanza Uswisi, na mama yake alikuwa na asili ya Kipolandi, alikuwa amezoea kuingia lugha moja na kutoka nyingine. Aliposikia kwamba vibao vya Krete havijasomwa na mtu yeyote, shauku ilimshika, isimwachilie tena.

Mwaka 1940, akiwa na umri wa miaka 18, alichapisha makala katika jarida la akiolojia la Marekani, bila kuwajulisha wahariri umri wake. Humo alidai kwamba lugha ya vibao ina undugu na Kietruski, lugha iliyosemwa zamani nchini Italia. Dai hilo lilikuwa kosa, nalo lilidumu moyoni mwake kwa muda wa miaka 12. Hakwenda kusomea lugha katika chuo kikuu. Alisomea usanifu wa majengo, akatumika katika jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili kama mwongozaji wa njia ndani ya ndege za mabomu, kisha akafanya kazi ya kuchora mipango ya shule katika wizara ya elimu. Kazi ya vibao aliifanya usiku na siku za mapumziko. Ulikuwa uraibu kwa maana zote mbili za neno hilo.

2. Kadi za Alice Kober

Haifai kumtaja Ventris bila kumtaja Alice Kober, mwalimu wa Kigiriki na Kilatini katika chuo cha Brooklyn, mjini New York. Mchana alifundisha, usiku aliketi mezani kupanga alama za Linea B. Wakati wa vita karatasi ilikuwa adimu. Kober alikata kadi kutoka katika karatasi yoyote aliyoipata: migongo ya kadi za salamu, matangazo ya kanisa, hati za maktaba. Aliziweka katika makasha ya sigara. Alipofariki mwaka 1950, akiwa na umri wa miaka 43, alikuwa ameandika kadi zipatazo 180.000.

Yafaa kuuliza kadi hizo zilikuwa na faida gani. Wakati huo watafiti wengi walianza kwa kubahatisha lugha: mmoja alisema ni Kibaski, mwingine Kihiti, kisha kila mmoja akalazimisha alama zifuate matakwa yake. Kober alikataa njia hiyo. Kwa maoni yake, kabla ya kuuliza alama inatamkwaje, hapana budi kuuliza inatokea wapi, mara ngapi, na jirani zake ni zipi. Katika makala alizotoa baina ya 1945 na 1948 alithibitisha kwamba lugha ya vibao ilikuwa na maneno yanayobadilika mwishoni, na kwamba mabadiliko hayo yanaweza kufichua uhusiano baina ya alama hata kama hakuna sauti inayojulikana. Aliweza kupanga alama kumi katika jedwali dogo, kisha akaishia hapo, kwa kuwa ushahidi aliokuwa nao haukumruhusu kusema zaidi.

3. Jedwali lilivyofanya kazi: maelezo kwa njia ya Kiswahili

Mwandiko wa Linea B una alama za sauti zipatazo 90. Idadi hiyo yenyewe ni habari. Alfabeti huwa na herufi 20 au 30 tu, na mwandiko ambao kila neno lina alama yake huhitaji alama mamia au maelfu. Idadi iliyo katikati huashiria mwandiko wa silabi, yaani alama moja kwa kila silabi: moja kwa ba, nyingine kwa be, nyingine kwa bi, na kadhalika.

Ichukuliwe kwamba Kiswahili nacho kimeandikwa kwa mwandiko wa silabi, na kwamba umefukuliwa na mtu asiyejua hata neno moja la lugha hiyo. Mtu huyo anakuta mara nyingi maumbo matatu yanayofanana isipokuwa alama ya mwisho:

so-ma, so-mi, so-me
pi-ka, pi-ki, pi-ke
la-la, la-li, la-le

Msomaji wa Kiswahili anatambua mara moja anasoma, hasomi, asome. Anapika, hapiki, apike. Analala, halali, alale. Mchimbaji hajui hayo. Lakini akiona kwamba mwanzo wa neno haubadiliki na mwisho unabadilika kwa utaratibu uleule, anaweza kukisia kwamba alama tatu za mwisho katika mstari mmoja zina konsonanti moja na irabu mbalimbali. Huo ndio uhusiano wa ma, mi na me. Kwa upande mwingine, alama zinazosimama katika nafasi moja ya sarufi katika mistari yote mitatu zina irabu moja na konsonanti mbalimbali: ma, ka na la. Hivyo anaweza kupanga alama tisa katika jedwali, konsonanti zikienda kwa mistari na irabu kwa safu, bila kujua sauti hata moja. Na siku atakapopata sauti ya alama mbili au tatu kwa njia nyingine, jedwali litampa sauti za alama nyingi nyingine kwa pamoja. Kadhalika, kosa moja katika jedwali litaonekana upesi, kwa sababu litaharibu maneno mengi kwa wakati mmoja.

Ndivyo Ventris alivyofanya. Baada ya Mmarekani Emmett Bennett kuchapisha mwaka 1951 vibao vilivyofukuliwa mwaka 1939 huko Pylos, katika bara la Ugiriki, na kuweka orodha ya alama iliyo sahihi, Ventris alipanua jedwali hatua kwa hatua. Mwanzoni mwa mwaka 1952 lilikuwa kubwa vya kutosha. Ndipo alipojaribu jambo moja. Baadhi ya maneno yaliyobadilika mwishoni yalionekana katika vibao vya Knossos tu, wala si katika vile vya Pylos. Je, yasingekuwa majina ya miji ya Krete? Alitumia sauti chache zilizodokezwa na mwandiko wa kale wa kisiwa cha Kipro, akaliachia jedwali likamilishe zilizobaki. Yakatokea a-mi-ni-so, yaani Amnisos, bandari inayojulikana tangu Homeri. Ko-no-so, yaani Knossos. Na tu-ri-so, yaani Tulissos.

Mwanafunzi wa Kiswahili hashangazwi na maumbo hayo. Mwandiko wa silabi wazi hauwezi kuandika konsonanti mbili zinazofuatana; hauna budi kuingiza irabu katikati, kama vile Kiswahili kilivyopata kilabu na burashi kutoka katika maneno ya kigeni yenye konsonanti mbili mwanzoni, na kama wakaaji wa Katanga wasemavyo bulangeti. Mwandiko wa Krete vilevile hauandiki s ya mwisho wa neno, wala hautofautishi l na r. Mtu aliyezoea kuchunguza maneno ya mkopo katika Kiswahili yuko karibu na Linea B kuliko anavyodhani.

4. Kuiacha dhana iliyopendwa

Baada ya majina ya miji, maneno mengine yalianza kusomeka, nayo yalifanana na Kigiriki: ko-wo kwa mvulana, ko-wa kwa msichana. Jambo hilo halikumfurahisha Ventris. Evans alikuwa amefundisha kwamba watu wa Krete hawakuwa Wagiriki, na watu wachache walithubutu kumpinga. Ventris mwenyewe alikuwa ametetea Kietruski tangu ujana wake. Katika daftari lake la kazi la tarehe 1 Juni 1952, la mwisho kati ya madaftari 20 aliyoyatuma kwa wenzake, aliuliza kama vibao vimeandikwa kwa Kigiriki, akaliita swali hilo mzaha wa kupotoka njiani. Majuma machache baadaye aliacha kulitania. Tarehe 1 Julai 1952 alitangaza katika redio ya BBC kwamba lugha ya vibao ni Kigiriki, tena Kigiriki cha kale sana, kilichoandikwa karne kadhaa kabla ya Homeri.

Hapo ndipo tofauti kubwa inapojitokeza. Mraibu wa kawaida huipenda dhana yake kuliko kitu chenyewe. Ventris alivipenda vibao kuliko dhana yake. Miaka 12 ya kuamini Kietruski ilitupwa kwa sababu ya jedwali alilolitengeneza yeye mwenyewe.

Uthibitisho ulitoka kwa mtu mwingine. Mwezi wa Mei 1953 mwanaakiolojia Carl Blegen alimwandikia habari za kibao kipya kutoka Pylos, ambacho Ventris hakuwa amekiona alipotoa sauti za alama. Kibao hicho kina michoro ya vyombo kando ya maneno. Palipochorwa vyungu vyenye miguu mitatu, sauti za Ventris zilitoa ti-ri-po-de, neno la Kigiriki lenye maana ya vitu vya miguu mitatu. Palipochorwa chombo chenye mikono minne, neno lilianza na qe-to-ro, yaani nne. Chenye mikono mitatu, lilianza na ti-ri, yaani tatu. Kisicho na mkono, neno lilisema hakina. Bahati haiwezi kupanga mambo namna hiyo.

5. Msaada wa wengine

Huenda msomaji akadhani kwamba mraibu ni mtu wa kujifungia. Ventris hakujifungia. Mwaka 1950 alituma maswali 21 kwa wataalamu wapatao 12 katika nchi mbalimbali, akiwaomba maoni yao juu ya miandiko ya Krete. Kumi walijibu. Kober alikataa, akisema kazi hiyo ni kupoteza wakati. Hata hivyo Ventris aliendelea kujenga juu ya njia yake. Majibu aliyatafsiri na kuyasambaza kwa gharama yake. Mwishoni mwa taarifa hiyo aliwaaga wenzake, akisema shughuli nyingine zinamlazimisha kuacha. Hakuweza kuacha. Baada ya muda mfupi alianza kutoa madaftari ya kazi, moja baada ya jingine, pamoja na makosa yake yote, ili wengine wayaone na kuyasahihisha.

Alipogundua kwamba lugha ni Kigiriki, alijua pia mpaka wa ujuzi wake: Kigiriki chake kilikuwa cha shule ya sekondari. John Chadwick, mtaalamu wa historia ya Kigiriki katika chuo kikuu cha Cambridge, ambaye wakati wa vita alifanya kazi ya kufumbua maandishi ya siri, alisikia habari katika redio, akajaribu jedwali na kuona linakubali. Wawili hao walishirikiana, wakatoa makala mwaka 1953 na kitabu kikubwa mwaka 1956. Mmoja alikuwa na jedwali, mwingine alikuwa na historia ya sauti za Kigiriki; mmoja bila mwingine angekwama. Kidole kimoja hakivunji chawa.

6. Gharama, na uraibu usiozaa

Si haki kusimulia ushindi na kuficha gharama. Mwaka 1948 Ventris alikubali kusaidia kazi ya kuchapisha vibao vya Evans huko Oxford, kisha akaiacha ghafula na kumwandikia mzee aliyesimamia kazi hiyo barua ya kuomba radhi. Baadaye aliacha kazi ya serikali ili ashughulikie vibao, ingawa alikuwa na mke na watoto wawili. Mwezi wa Septemba 1956, akiwa na umri wa miaka 34, alifariki usiku katika ajali ya gari karibu na Hatfield, Uingereza. Kitabu alichoandika na Chadwick kilitoka majuma machache baadaye. Naye Kober alifariki miaka miwili kabla vibao havijasomwa. Mshika mawili moja humponyoka, na katika maisha ya watu hao wawili mara nyingi kilichoponyoka kilikuwa usingizi, kazi na utulivu wa nyumbani.

Aidha, vibao vyenyewe havikuwa na mashairi ya mashujaa. Vilikuwa hesabu za kondoo, sufu, mafuta, shaba na magari ya vita. Aliyevutwa na sifa angekata tamaa. Aliyevutwa na kitu chenyewe alifurahi kujua kwamba karani wa Knossos aliandika jumla ya kondoo kwa neno ambalo Mgiriki wa karne nyingi baadaye angelielewa.

Upande wa pili wa habari ni kisahani cha Phaistos, kilichopatikana Krete mwaka 1908. Ni duara moja la udongo lenye alama 45 mbalimbali zilizogandamizwa kwa mihuri. Watu wengi, wa chuo kikuu na wasio wa chuo kikuu, wametangaza kwamba wamekisoma. Kila mmoja ana lugha yake na tafsiri yake, na hakuna hata tafsiri moja iliyokubaliwa na wataalamu. Bidii yao haikuwa ndogo kuliko ya Ventris. Lakini kwa maandishi mafupi kiasi hicho, hakuna kibao cha pili cha kuwaambia kwamba wamekosa. Pasipo njia ya kukanushwa, bidii haiongezi ujuzi. Linea A nayo haijafumbuliwa hadi leo, ingawa sauti za alama zake nyingi hukisiwa kwa msaada wa Linea B.

7. Hitimisho

Mambo matatu yametenganisha uraibu wa Ventris na uraibu wa kujifurahisha tu. Kila alichokiona kiliandikwa mahali ambapo mtu mwingine aliweza kukikuta. Kila alichokidhani kilipelekwa kwa wenzake wakati kingali kibichi. Na ushahidi ulipopingana na dhana, dhana ndiyo iliyoondoka. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji cheo au diploma.

Funzo hilo lagusa masomo ya Kiswahili nchini Kongo moja kwa moja. Mwaka 1965, mjini Lubumbashi, ambao wakati huo uliitwa Elisabethville, André Yav alitunga kwa niaba ya chama cha watumishi wa nyumbani kijitabu cha historia ya mji huo. Kichwa chake ni cha Kifaransa, lakini lugha yake ni Kiswahili cha mjini. Waliokiandaa hawakuwa walimu wa chuo kikuu, na maneno yake hayakutenganishwa kwa kufuata kanuni za shule. Johannes Fabian alipokitayarisha kwa uchapishaji, ilikuwa lazima msemaji wa Lubumbashi, Kalundi Mango, akisome kwa sauti ili mipaka ya maneno isikike. Kitabu kilitoka mwaka 1990, na sasa mtaalamu wa historia na wa isimu hawezi kukipita. Kama watu wale wasingeandika, au kama nakala zote zingetupwa kwa sababu tahajia yake si sanifu, sauti yao isingerudi tena.

Kwa hiyo mwanafunzi anayenakili maneno ya malori asichekwe kabla ya kuulizwa swali moja: daftari lako liko wapi? Kama ameandika tarehe, mahali na maneno yenyewe jinsi yalivyo, bila kuyanyosha yafuate Kiswahili sanifu, basi amekwisha kuanza kazi ya Kober. Kama ana mwenzake anayeruhusiwa kumwambia kwamba amekosa, ameanza kazi ya Ventris. Wajibu wa mwalimu ni kumpatia mambo hayo mawili, pamoja na kumkumbusha kulala. Shauku yenyewe hakuna chuo kikuu kinachoweza kuitoa. Kinaweza tu kuipokea, au kuiacha ipotee.